Nyumba Isiyo na Pua

Uvundo mtu huuzoea, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko uvundo wenyewe. Nyumba yetu ya vyumba kumi, kando ya barabara ya Siluko hapa mji wa Benin, Nigeria, ina shimo la choo lililojaa tangu mvua za mwaka juzi. Maji ya kijani yanapita mlangoni pa jiko, yanazunguka ndoo zetu, yanaishia mtaroni. Mgeni akija hufunika pua na kuuliza nani amekufa. Sisi tunamcheka, tunamtengea eba, ule ugali wa muhogo, na supu ya mbegu za egusi, halafu tunakaa hatua tano kutoka kwenye yale maji tukila na kulamba vidole. Mimi nauza samaki wa barafu, kwa hiyo mtu anaweza kudhani pua yangu ilikufa kwa sababu ya kazi. Sivyo. Samaki wangu ni safi. Pua yangu ilifia nyumbani kama za wenzangu wote.

Aliyetuambia hivyo usoni alikuwa Imafidon, fundi jenereta wa ng'ambo ya barabara, na hatukumshukuru.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mfupi, shingo nene, sikio la kushoto limekunjamana. Ujanani alikuwa fundi wa vile vijigari vinavyonyanyua kreti kwenye kiwanda cha bia, na vijigari hivyo vilikuwa vinatumia gesi, si petroli. Kwa hiyo aliijua injini ya gesi miaka mingi kabla mtaa wetu haujajua kwamba gesi inaweza kufanya kazi nyingine zaidi ya kuchemsha wali. Sikio lile liliungua huko huko, siku mwenzake alipofungua mtungi kwenye stoo isiyo na dirisha. Mwenzake hakutoka. Kiwanda kilipopunguza watu, Imafidon akamwaga unga, akaja kujenga kibanda cha mabati mbele ya nyumba yetu, juu ya kipande cha ardhi cha mwenye nyumba wetu, Chifu Osunde. Mkewe Esohe aliuza plagi na oili pembeni. Walikaa hapo miaka kumi na tisa.

Sitamtia chumvi nimfanye malaika. Alikuwa na kisirani. Ukimpelekea mashine iliyochezewa na mtu mwingine, alikuwa akiishika kabureta kwa vidole viwili, mbali na kifua, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. "Nani amekutapikia hii?" alikuwa akiuliza, na wewe mwenye mashine ndiye uliyeona aibu. Kabla ya kula alisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka viwiko. Wateja walimwogopa kidogo, wakamsema sana, na wakamrudia.

Halafu petroli ikapandishwa bei. Tulilala na bei moja tukaamka na nyingine, na kila mtu mwenye jenereta akaanza kuulizia gesi. Hapo ndipo mafundi wa gesi walipoota kila kona kama uyoga. Wa kwetu aliitwa Destiny. Wiki moja kabla alikuwa akibadilisha vioo vya simu. Wiki iliyofuata alikuwa na kibao kinachosema Dokta wa Gesi, na viatu vilivyochongoka mbele. Kazi yake ilimchukua nusu saa. Anatoboa kabureta, anachomeka mpira wa gesi, anaufunga kwa waya, anafungua mtungi, anavuta kamba. Na jambo la kuchukiza ni kwamba injini inawaka. Kama isingewaka, watu wangemfukuza siku ya kwanza.

Imafidon yeye alichukua siku nzima. Kati ya mtungi na injini aliweka kifaa cha bapa, ukubwa wa kisahani cha chai, chenye utando wa mpira ndani. Injini ikivuta, utando unafunguka na gesi inapita. Injini ikizimika, utando unajifunga na gesi inakoma papo hapo. Kwa Destiny hakukuwa na utando wala kisahani. Injini ikizimika, gesi inaendelea kutoka mpaka mtu akumbuke kufunga mtungi, na sisi si watu wa kukumbuka.

Tena Imafidon hakuigusa mashine kabla ya kwenda kuona inapokaa. "Nataka kuona inapolala," alikuwa akisema.

"Fundi, unaichumbia?" watu walimtania. "Tukuitie na wazazi wake?"

"Nikiichumbia nitaiogesha kwanza. Wewe hujaiosha tangu uinunue."

Akienda, alizunguka, akainama, akanusa. Akiona mashine imewekwa chumbani au jikoni, alisema itoke nje au atafutwe fundi mwingine. Na mashine nyingi katika mtaa wetu zililala ndani kwa sababu ya wezi. Yetu ilikuwa mwisho wa korido, ndani ya kizimba cha chuma chenye makufuli mawili, na bomba la moshi limepitishwa kwenye tundu la ukuta. Mbili za kabla yake ziliibwa uani.

Mwezi wa kumi na mbili Chifu Osunde akaja. Yeye haishi nasi. Anaishi upande ule wa mji wenye maua na walinzi. Alikuja na kitambaa cheupe, shanga nyekundu shingoni, na manukato mengi, akasimama pale koridoni, akamwita Imafidon kutoka ng'ambo ya barabara. Wapangaji tulijipanga milangoni kutazama.

"Imafidon, kazi yako hii hapa," akasema. "Hawa watu wangu wamechoka na petroli. Kufikia Jumapili iwe inatumia gesi."

Imafidon akainama kumwamkia. "Chifu, mashine itabaki humu humu?"

"Ulitaka ilale wapi? Kitandani kwangu?"

Tulicheka sana. Mzaha wa mwenye nyumba haukosi wachekaji.

"Gesi ya mtungi ni nzito, Chifu. Ikivuja haipandi juu, inakaa chini kama maji. Korido hii ni ndefu na haina pa kuitoa. Itoke uani, nitaijengea kibanda cha chuma mimi mwenyewe."

"Uani imeibwa mara mbili. Hujui?"

Imafidon akageuka akatoka. Alivuka barabara, akarudi na mtungi mdogo wa kilo tatu. Akauweka chini mwisho wa korido, akaufungua, tukasikia ukipumua. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, akaufunga. Kisha akatugeukia.

"Jamani, anayesikia harufu ya gesi aseme."

Tukanusa. Mama Ivie wa chumba cha tatu akanusa mpaka mabega yakapanda. "Gesi gani? Mimi nasikia choo tu."

Pa Amadin alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni pa chumba cha mwisho, kile kilichopakana na kizimba cha mashine. Zamani alikuwa karani wa kiwanda cha mbao. Kiharusi kilimchukua miguu yote miwili lakini kikauacha ulimi. "Pua hii imefanya kazi na gundi za mbao miaka thelathini na mmoja," akasema. "Hapa hakuna gesi. Huyu anataka kupandisha bei. Mwambieni aseme bei yake aache maigizo."

"Mama Osaze?" Imafidon akaniuliza mimi.

Nilivuta pumzi ndefu. Nilisikia kile ninachokisikia kila siku. "Sisikii kitu, Baba."

"Nimefungua mtungi mbele ya macho yenu," akasema polepole, "na hakuna hata mmoja aliyeinusa. Chifu, gesi yenyewe haina harufu. Wanaoitengeneza wanaitia uvundo makusudi, ili pua ya mtu ikatae na akimbie. Uvundo wenyewe ni kama wa kitu kilichooza. Sasa watu hawa wanaishi ndani ya kitu kilichooza. Gesi ikivuja usiku, watadhani ni choo, watajifunika shuka. Lete gari linyonye lile shimo kwanza, mashine itoke nje, na kazi hii nitakufanyia bila malipo."

Chifu alizungusha shanga zake.

"Unasema nyumba yangu inanuka. Mbele ya wapangaji wangu."

"Sisemi mimi, Chifu. Inasema yenyewe."

"Kibanda chako kiko juu ya ardhi ya nani?"

"Yako, Chifu."

"Basi chagua. Jumapili mashine hii iwe inatumia gesi, hapa hapa ilipo, au mwisho wa mwezi uondoe mabati yako."

Nilimwona akigeuka kutazama mabati yake ng'ambo. Barabara yote ya Siluko ilishajaa. Kibanda kingine hakipatikani, na fundi asiye na mahali wateja wanapopajua ni mtu wa kuzurura na mfuko wa spana. Esohe alikuwa amesimama ng'ambo akiwa ameshika kopo la oili, anatutazama bila kusikia. Imafidon akaokota mtungi wake.

"Nitaondoa mabati," akasema, akaenda.

Mtu angedhani tulimheshimu kwa hilo. Hata kidogo. Tulimlaani. Umeme wa serikali ulikuwa haujaja siku nyingi, petroli hatukuiweza, na yeye analeta habari za pua. Kila alipopita, Pa Amadin alimpigia kelele kutoka dirishani: "Fundi wa kunusa! Njoo unuse soksi zangu!" Watoto wetu walijifunza maneno hayo, wakayaimba, na sisi hatukuwakataza. Mimi mwenyewe nilicheka. Nayasema haya kwa sababu sitaki mtu afikiri kwamba mimi nilikuwa bora.

Jumatatu Destiny akaja, na kufikia saa sita alikuwa amemaliza. Taa zilipowaka tulipiga vigelegele. Friza langu, ambalo liko ndani ya korido kwa ruhusa ya Chifu, likaanza kunguruma, na nikaenda sokoni kuchukua katoni nne za samaki. Destiny akatupa maelekezo yake akiwa anafuta viatu: "Gesi ikikaribia kuisha, mama zangu, laza mtungi ubavu. Kuna mabaki chini. Msimwachie muuza gesi faida." Hilo tulishalijua. Kila jiko la mtaa wetu hulaza mtungi ukikaribia kuisha, na wengine humwagia maji ya moto juu. Tulimwona mtu wa akili.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambapo mpaka saa nne hakuna anayeruhusiwa kutembea barabarani na kila mtu anafagia kwake. Siku hiyo huwa nataka kutapika kwa kichekesho chenyewe. Tulifagia ua mzuri kabisa kuzunguka shimo. Tukamwaga maji ya sabuni juu ya maji ya kijani. Tukang'oa majani mtaroni na kuacha kilichokuwa chini yake. Ng'ambo, Imafidon na Esohe walikuwa wanafungua misumari ya kibanda chao. Siku zao zilikuwa zimebaki mbili.

Jenereta ilikuwa inaunguruma tangu alfajiri. Kama saa tatu hivi ikakohoa, ikazimika. Mama Ivie akaenda kizimbani, akalaza mtungi ubavu, akavuta kamba mara mbili, haikuwaka. "Iache ipumzike," akasema. Hakufunga mtungi. Akaenda mlangoni pake, akavuta jiko lake la mafuta ya taa koridoni ili achemshe viazi vikuu, akapapasa kiberiti kwenye kanga.

Nilimwona Imafidon akivuka barabara mbio, karai la maji ya sabuni mkononi, maji yakimrukia suruali. Alikuwa ameisikia injini ikizimika, akasikia kamba ikivutwa, akasikia kimya. Hakusalimu mtu. Alimpiga Mama Ivie mkono, kiberiti kikaruka nje kikatua kwenye maji ya kijani.

"Ananipiga!" Mama Ivie akapayuka. "Jamani, ananipiga mlangoni kwangu!"

"Mama Osaze, njoo ushike huu mpira!"

Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani ni kwa sababu aliniita kama mtu anayejua nitakwenda. Niliushika mpira wa Destiny pale ulipoingia kwenye kabureta. Ulikuwa baridi kama samaki wangu, na ulikuwa umeota barafu nyeupe, kwa kuwa mtungi uliolazwa hutoa gesi ikiwa bado maji. Akamwaga povu juu yake. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena, mapovu makubwa kama mayai ya kuku, moja likisukuma jingine. Akamwaga kwenye shingo ya mtungi, nako vile vile.

"Unaona?" akasema.

"Naona."

Akafunga mtungi, akaubeba mpaka uani. Akarudi na kisu, akaukata ule mpira vipande vitatu. Akafungua milango yote kwa mateke, akatusukuma nje kama mbuzi, na Pa Amadin akatolewa na kiti chake huku akitukana ukoo mzima wa Imafidon kuanzia babu. Tulikaa uani zaidi ya nusu saa. Hakuna kilicholipuka. Korido ilipitiwa na upepo, milango ikiwa wazi, nyumba ikasimama vile vile, na jinsi dakika zilivyopita ndivyo watu walivyozidi kukasirika. Walichokiona wao ni mwanamume aliyempiga mwanamke mkono na kukata mpira wa fundi mwenzake. Mapovu niliyaona mimi peke yangu.

Saa za usafi zilipoisha Chifu akaja na walinzi wawili wa mtaa, wenye fimbo. Destiny alikuja nyuma yao. Wakamkalisha Imafidon chini, kando ya shimo, mtu mzima mwenye wajukuu. Esohe alikuwa amesimama getini, mikono kichwani.

"Ni wivu, Chifu," Destiny akasema. "Mimi nampenda huyu mzee kama baba yangu, lakini ni wivu."

"Mwenye kunusa gesi leo aseme," Chifu akasema, na akatabasamu.

"Mimi ndiye ninayelala jirani na hiyo mashine," Pa Amadin akajibu. "Sikunusa kitu. Hapakuwa na gesi hata tone."

"Hapakuwa," wengine wakasema. Mume na mke wa chumba cha nne wakatikisa vichwa. Mama Ivie akaonyesha mkono wake kwa walinzi ingawa haukuwa na alama.

Chifu akanigeukia. Sauti yake ikawa laini. "Mama Osaze, wewe ni mtu wa kweli. Wanasema ulishika mpira. Tueleze sisi. Gesi ilikuwa inatoka?"

Friza langu lilikuwa limezimika kwa muda wa saa mbili. Kwa pale niliposimama niliona maji yenye damu yakidondoka chini ya mfuniko. Katoni nne. Nikisema ndiyo, mashine itakaa bila gesi mpaka Mungu ajue lini, na Chifu atakumbuka kwamba friza langu liko koridoni kwa hisani yake. Hayo yote niliyafikiri haraka sana, na nilishangaa jinsi kichwa changu kilivyokuwa chepesi. Imafidon alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba.

"Niliona povu, Chifu," nikasema. "Lakini sabuni lazima itoe povu."

Walicheka. Mlinzi mmoja alicheka mpaka akaegemea fimbo. Imafidon hakukasirika. Alinitazama kwa ile sura ya kushika kabureta kwa vidole viwili, basi.

Chifu akaamua kwamba asingoje mwisho wa mwezi, aondoke siku hiyo hiyo, na ashukuru kwamba hapelekwi polisi. Kabla ya saa tisa Destiny alikuwa amefunga mpira tena. Hakuleta mpya. Aliunganisha vile vipande vitatu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akafunga kwa waya, akavuta kamba, na taa zikawaka. Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Nilifungua friza nikapanga samaki wangu upya. Walikuwa wamelainika kidogo tu. Niliwashika mmoja mmoja nikawaona wananikinaisha, samaki wazima wasio na kosa.

Saa kumi na moja jioni nilikunja mkeka. Nilimwambia mwanangu Osaze kwamba tunakwenda kulala kwa dada yangu barabara ya Ekenwan, kwa kuwa tumemkumbuka. Nikafunga chumba, nikatoka na mkeka begani na mtoto mkononi. Ilikuwa majira ya harmattan, ule upepo wa jangwani, vumbi limetanda, baridi inachoma midomo, na mimi nimevaa sweta. Getini nikakutana na Mama Ivie, godoro kichwani, watoto watatu nyuma yake.

"Mama Ivie, safari?"

Hakunitazama. "Joto, dada yangu. Chumba kile kina joto mno."

"Kweli," nikasema. "Joto."

Nyuma yake wakaja mume na mke wa chumba cha nne na furushi la shuka. Naye mume akasema joto. Kisha yule fundi cherehani wa chumba cha saba, kisha wale ndugu wawili wa cha kwanza, mmoja amebeba mto kwapani kama mtu aliyeuiba. Kila mmoja alikuwa amejiandalia neno, na neno lilikuwa lile lile. Ndipo nilipofahamu kwamba hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyemwona Imafidon mwongo. Walimwamini wote, kama mimi, tangu asubuhi. Labda tangu siku ile ya mtungi mdogo. Kinyaa kikanishika, na hakikutoka shimoni.

Ng'ambo ya barabara mabati yalikuwa yamepangwa juu ya mkokoteni, na Imafidon alikuwa anayafunga kwa kamba. Esohe alishika upande wa pili. Akatuona tumesimama pale getini, msafara mzima wa mikeka na magodoro, tumevaa masweta.

"Mama Osaze," akaita. "Mnahama?"

"Joto tu, Baba."

"Joto," akasema. Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza kama siku ile alipokuwa akihesabu. Alipomaliza akaacha kamba.

"Na Pa Amadin? Yeye hasikii joto?"

Nilimtazama Mama Ivie, Mama Ivie akamtazama mume wa chumba cha nne. Mzee alikuwa ndani, chumba cha mwisho, kitandani, redio yake ikisikika juu ya mngurumo wa mashine. Mimi ndiye niliyempelekea uji saa kumi. Nilimfunika miguu, nikamtakia usiku mwema, nikarudi kukunja mkeka wangu.

"Imafidon, usiingie humo tena," Esohe akasema. "Nakuomba. Watakuita mwizi. Waache watu hawa na mambo yao."

Alikuwa ameshavuka barabara. Alitupita katikati, na sisi tukampisha. Tulisikia redio ikianguka, kisha sauti ya Pa Amadin ikipanda kuliko injini: "Mwizi! Mwizi wa mpira amerudi! Niache! Chifu! Jamani!"

Hakuna aliyeingia kusaidia, si kumwokoa mzee wala kumbeba. Baada ya muda Imafidon akatoka, mzee mgongoni, miguu iliyokufa ikining'inia, na ngumi mbili kavu zikimtwanga kichwani kila hatua. Akamvusha barabara, akamweka juu ya mabati, akavua koti lake akamfunika mapajani. Kisha akainama kushika mishikio ya mkokoteni.

Pa Amadin alikuwa anahema. Akageuza shingo akatuona getini, nyumba nzima, na vitanda vyetu vichwani.

"Nyie," akasema. "Mnakwenda wapi? Kuna nini humo ndani?"

Mashine ilikuwa inaunguruma nyuma yetu.

"Si tulisema hakuna gesi?" akauliza mzee. "Mama Osaze! Si wewe ulishika mpira? Si ulisema ni sabuni?"

Osaze aliinua uso akanitazama, naye anangoja nijibu.